Sabuni Aina Ishirini, Uchukue Ipi?

Swali hili limetufikia kwa sura nyingi. Mmoja anauliza dawa ya meno ipi ni nzuri. Mwingine anataka kujua ashike mafuta gani ya kupikia. Yupo anayesema huingia supamaketi kununua sabuni ya unga, akasimama mbele ya rafu mpaka mtoto aanze kulia, kisha akatoka na pakiti ambayo akifika nyumbani anajiuliza kwa nini aliichukua. Wengine hawataji hata bidhaa. Wanasema tu kwamba siku hizi kununua vitu vidogo vya nyumbani kunawachosha kuliko kazi ya kutwa.

Jibu langu kwa wote ni moja, na sehemu kubwa ya makala hii ni kueleza namna ya kulitekeleza: amua nyumbani, kabla hujaiona rafu. Dukani nenda kuchukua.

"Hili nalo ni tatizo?"

Najua wapo watakaoguna. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na kanga. Wanakumbuka mwaka 1983, enzi za Waziri Mkuu Edward Sokoine, msako wa walanguzi na wahujumu uchumi ulipopita na watu wakaogopa hata kukutwa na bidhaa ndani. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na maduka yakaanza kujaa tena. Mtu aliyewahi kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni ana haki ya kutushangaa tunapolalamika kwamba sabuni ni nyingi mno.

Nawaheshimu, na sitamani foleni zile zirudi. Lakini wingi nao una gharama yake, na gharama hiyo humwangukia zaidi asiyejua anachokitaka. Mwaka 2000 watafiti Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika duka la vyakula huko Menlo Park, California. Meza yenye jemu aina 24 ilisimamisha watu wengi kuliko meza yenye aina 6. Walipohesabu walionunua, kwenye meza ya aina 24 walikuwa asilimia 3 ya waliosimama. Kwenye meza ya aina 6, asilimia 30. Tafiti nyingine zilizofuata zimeonyesha kwamba wingi haumsumbui kila mtu wala kila wakati. Aliyeingia dukani akijua anachotafuta hupita katikati ya aina hizo 24 bila shida. Hiyo ndiyo hali ninayotaka uifikie.

Hatua ya kwanza: gawa orodha yako mafungu mawili

Chukua karatasi. Andika vitu vyote vinavyonunuliwa nyumbani kwako kila mwezi, kisha vigawe.

Fungu la kwanza ni vitu ambavyo kukosea kunagusa afya, usalama au bili ya umeme:

- chumvi, unga na mafuta ya kupikia
- dawa ya meno
- balbu, ekstensheni, plagi na nyaya
- mpira wa gesi na regulata yake
- vitu vya mtoto mchanga, na vinavyokaa mwilini muda mrefu kama taulo za kike

Fungu la pili ni vitu ambavyo aina yoyote ya bei ya kati itafanya kazi: kiberiti, dodoki, karatasi ya chooni, sabuni ya unga, sabuni ya kuogea kwa mtu asiye na matatizo ya ngozi, mifuko ya taka, mishumaa, vibanio vya nguo.

Ukitazama watu dukani utaona wengi hufanya kinyume. Dakika kumi zinaishia kunusa sabuni, halafu ekstensheni itakayobeba pasi na birika la umeme inachukuliwa kwa nusu dakika kwa sababu ina rangi nzuri. Uangalifu wako una kikomo, kwa hiyo uutumie kwenye fungu la kwanza. Kwa fungu la pili chukua kilicho karibu na mkono, na usijilaumu.

Hatua ya pili: masharti yasiyozidi matatu

Kwa kila kitu cha fungu la kwanza andika masharti. Sharti ni jambo unaloweza kulithibitisha kwa macho ukiwa dukani: limeandikwa kwenye pakiti au halikuandikwa. "Iwe nzuri" halifai kuwa sharti. "Iwe na madini joto" linafaa.

Bidhaa ya kwanza kutimiza masharti ndiyo unayoichukua. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu mkono ukishaishika pakiti, moyo unauliza: na ile ya pembeni je? Inawezekana kabisa ile ya pembeni ni bora kidogo. Kwa chumvi au unga, hicho kidogo hakitaonekana kwenye sahani. Watu wa pwani walishaonya kwamba mchagua nazi hupata koroma.

Nianze kukupa masharti ya vitu vinavyoulizwa zaidi, uyanakili au uyarekebishe.

Chumvi

Sharti ni moja: iwe na madini joto, kwenye pakiti iliyofungwa. Madini haya ndiyo yanayokinga rovu, na mama mjamzito anayahitaji kwa ajili ya ukuaji wa ubongo wa mtoto. Chumvi ya waridi inayouzwa ghali kwa jina la Himalaya huchimbwa Pakistan, na kwa kawaida haiongezwi madini joto. Ukiipenda kwa rangi yake ni hiari yako, ila isiwe chumvi pekee ya nyumba. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo bila pakiti, huna njia ya kuijua.

Ukifika nyumbani iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na mvuke wa sufuria. Ukiweza, itie chakula kikikaribia kuiva.

Dawa ya meno

Rafu ya dawa ya meno ndiyo inayochosha kuliko zote: ya mitishamba, ya mkaa, ya kung'arisha, ya fizi, ya baridi kali. Geuza boksi usome kiasi cha floraidi. Kwa mtu mzima tafuta kati ya 1,000 na 1,500, pamoja na herufi ppm mbele yake. Ikiwemo, chagua ladha unayoipenda. Isipokuwemo, rudisha, hata kama boksi lina picha ya jani la mwarobaini.

Kwa watoto, cha kuangalia ni kipimo cha kutia kwenye mswaki:

- chini ya miaka 3: kiasi cha punje ya mchele
- miaka 3 hadi 6: kiasi cha punje ya njegere
- mzazi ashike mswaki, na mtoto afundishwe kutema

Onyo kwa wanaoishi kuzunguka Mlima Meru na maeneo ya Bonde la Ufa, yakiwemo ya Arusha na Manyara: maji ya huko katika sehemu nyingi yana floraidi kupita kiasi, ndiyo maana utaona meno ya kahawia kwa watu waliokulia huko. Kama mtoto wako mdogo anakunywa maji hayo, muulize daktari wa meno kabla ya kumnunulia dawa.

Na tafadhali tuachane na ujumbe unaozunguka kwenye simu kwamba kijiraba cha rangi chini ya tyubu kinaonyesha kama dawa ni ya asili au ya kemikali. Kile ni alama ya mashine ya kiwandani, ijue mahali pa kukata na kufunga tyubu. Hakisemi chochote kuhusu kilichomo.

Mafuta ya kupikia

Hapa pakiti hupiga kelele kuliko pengine popote. Kelele kubwa ni "haina lehemu". Mafuta yote ya mimea, yawe ya alizeti, mawese, pamba au ufuta, kwa kawaida hayana lehemu ya kuhesabika. Kwa hiyo chupa iliyoandika hivyo na chupa isiyoandika ziko sawa kwa hilo, na usilipe hata shilingi mia zaidi kwa maneno hayo.

Masharti ninayopendekeza:

- yawe yameongezwa vitamini A, na pakiti iseme hivyo. Kanuni za Tanzania zinataka mafuta ya viwandani yaongezwe
- tarehe ya mwisho wa matumizi iwe mbali kuliko muda utakaoyatumia
- yasiwe yamepangwa juani mbele ya duka, maana mwanga na joto huyaharibu

Kisha angalia kama dumu linapimwa kwa lita au kwa kilo. Lita moja ya mafuta ina uzito wa takriban gramu 920. Dumu la lita 5 kwa hiyo ni kilo 4.6 hivi, na ukililinganisha na dumu la kilo 5 kwa kutazama bei tu, umelinganisha vitu visivyo sawa.

Wasomaji wa Mbeya, Njombe na kwingine kwenye baridi huuliza kwa nini mafuta yao yameganda na kuwa meupe. Mawese hufanya hivyo baridi ikiingia. Hayajaharibika, yakipata joto yatayeyuka.

Mafuta ya alizeti yanayouzwa barabarani Singida na Dodoma kwenye chupa zilizotumika yana harufu nzuri na ladha nzuri, nami naelewa anayeyapenda. Ila hayana tarehe wala vitamini iliyoongezwa. Nunua kidogo, kwa mtu unayeweza kumrudia, na uyatumie upesi.

Unga

Sembe au dona ni suala la nyumba yenu. Dona hubaki na kiini cha mahindi chenye mafuta, ndiyo maana ina virutubishi zaidi na huchacha upesi zaidi. Usinunue ya miezi miwili. Sembe ya kiwandani itafutie maneno yanayosema imeongezwa virutubishi.

Jambo ambalo halina mjadala ni ukungu. Mahindi au karanga zilizovunda, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya ukungu huweza kubeba sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu katikati mwa Tanzania. Hapa bei ya chini isikushawishi hata kidogo.

Balbu na ekstensheni

Muuzaji atakuuliza "wati ngapi?" Kwa balbu za LED swali hilo linapotosha, kwa sababu wati ni umeme unaoliwa, wakati mwanga hupimwa kwa lumeni. Lumeni 800 ni karibu mwanga wa ile balbu ya zamani ya wati 60, na LED huutoa kwa wati 8 hadi 10. Ukiwasha saa 5 kila siku kwa siku 30, balbu ya wati 60 itakula uniti 9. LED ya wati 9 itakula uniti 1.35. Tofauti hiyo utaiona kwenye LUKU.

Andika kwenye karatasi yako:

- kitako: pini au skrubu (kama huna hakika, beba iliyoungua)
- lumeni: 800 kwa chumba cha kawaida, pungufu kwa korido na choo
- rangi: mwanga wa njano kwa chumbani (karibu 3,000 K), mweupe kwa jikoni na meza ya kusomea (karibu 6,500 K)

Kuhusu ekstensheni, plagi ya pini tatu za bapa tunayotumia ina fyuzi isiyozidi ampea 13, sawa na karibu wati 3,000 kwa umeme wetu. Pasi ya wati 1,200 na birika la wati 2,000 zikichomekwa pamoja zimeshavuka. Chukua ekstensheni yenye waya mnene, iliyoandikwa uwezo wake, na uitumie kwa kifaa kimoja kikubwa kwa wakati. Ikipata moto mkononi, ichomoe na uitupe. Usimpe jirani.

Sabuni na dawa za usafi

Nimeiweka sabuni kwenye fungu la pili, na najua wengine mtanipinga: "Mbona ile ya jirani inatoa povu kwangu haitoi?" Angalieni maji yenu kwanza. Maji ya kisima yenye madini mengi huifanya sabuni ya mche igande na kuacha utando kwenye beseni, wakati sabuni ya unga huhimili zaidi. Nyumba mbili za mtaa mmoja, moja ya maji ya bomba na nyingine ya kisima, zitakupa ushauri tofauti na zote zitakuwa zinasema kweli. Muulize mwenye maji kama yako.

Sabuni ya kuogea inayojinadi kwamba inaua vijidudu hulipiwa zaidi bila sababu. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku viambato 19 vya aina hiyo katika sabuni za kunawia za matumizi ya nyumbani, kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuthibitisha kwamba vinashinda sabuni ya kawaida na maji. Nawa vizuri kwa ile ya kawaida.

Rafu ya dawa za usafi ina chupa ya vioo, ya marumaru, ya choo, ya sinki, ya friji. Nyumba nyingi zinatosheka na tatu: sabuni ya maji, jiki, na dawa moja ya choo.

Lakini usichanganye. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Chooni penye dirisha dogo, hiyo ni hatari ya kweli. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, ndipo utumie nyingine siku nyingine. Mweleze hivyo dada anayekusaidia kazi kwa maneno haya haya, maana yeye ndiye anayezishika.

Hatua ya tatu: bei kwa kipimo

Rafu inapanga bidhaa kwa namna ambayo inafanya bei zisilinganishike. Simu yako ina kikokotoo, kitumie. Tuseme sabuni ya unga ileile inauzwa hivi:

- kipakiti cha gramu 25 kwa shilingi 200
- pakiti ya gramu 200 kwa shilingi 1,000
- pakiti ya kilo 1 kwa shilingi 4,500

Kwa kilo, kipakiti ni shilingi 8,000, pakiti ya kati ni 5,000, na kubwa ni 4,500. Pengo kubwa liko kati ya kipakiti na ya kati, na ukiweza tu kupanda hatua hiyo moja umeshaokoa sehemu kubwa.

"Fedha ya kununua kubwa sina." Naelewa, na ndilo pingamizi zito kuliko yote. Usijaribu kubadilisha vyote mwezi mmoja. Mwezi huu panda kwa sabuni peke yake, mwezi ujao kwa mafuta, na vingine endelea kupimiwa kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, kama kawaida. Au mchange majirani wawili watatu mnaoaminiana, mnunue dumu moja au kiroba kimoja kwa bei ya jumla, mgawane siku hiyohiyo kwa mizani.

Tahadhari tatu kuhusu vipimo:

- Soma uzito kila mara, hata kwa pakiti uliyoizoea. Kuna nyakati uzito hupunguzwa huku pakiti na bei zikibaki vilevile.
- Kubwa haimaanishi nafuu kila siku. Piga hesabu.
- "Nunua mbili upate moja" ni nafuu kwa kitu utakachokimaliza. Kwa kitu ambacho hukukipanga, umeongeza tu matumizi.

Hatua ya nne: chagua duka kwanza

Duka dogo la mtaani limekwisha kukuchagulia. Kwa Mangi utakuta dawa ya meno aina mbili tatu, chumvi aina moja au mbili, na mwenye duka anajua ipi wateja huirudia na ipi hukaa mpaka vumbi. Muulize hivyo hivyo: "Mangi, ipi inatoka haraka?" Inayotoka haraka huwa haijakaa sana, na hilo lina faida yake kwa vyakula. Bado angalia tarehe.

Supamaketi nenda kwa vitu ambavyo unahitaji kusoma pakiti kwa utulivu bila watu kukusukuma mgongoni: dawa ya meno, balbu, maziwa ya mtoto. Soko la Kariakoo nenda kwa vitu vya jumla na vyombo, ukiwa na orodha na kiasi cha fedha ulichokipanga. Ukishatazama maduka matatu, nunua kwenye lililotimiza masharti uondoke. Anayezunguka Kariakoo kutwa nzima kutafuta beseni la bei pungufu ya shilingi mia tano amelilipa beseni hilo kwa nauli, soda na miguu.

Hatua ya tano: majina ya kudumu

Ukishapata kinachofaa, kiandike. Kwa kila kitu, jina moja na mbadala mmoja. Piga picha pakiti ibaki kwenye simu, ili mtoto au mwenzako anayetumwa asisimame dukani kukupigia simu mara tano.

Usiuguse uamuzi huo mpaka litokee mojawapo ya haya: bei imepanda ghafla, ubora umeshuka, mtu wa nyumbani amewashwa au ameumwa, au dukani hakipo tena. Tangazo jipya la redioni haliko kwenye orodha hiyo. Kizuri chajiuza.

"Je, mwenzangu akitaka aina nyingine?" Gawaneni. Mmoja awe na neno la mwisho kwenye sabuni na dawa ya meno, mwingine kwenye chai na mafuta. Na mtoto anayeng'ang'ania rafu ya biskuti mwonyeshe aina mbili tu, achague moja.

Nembo, na namna ya kuzisoma

Tafuta nembo ya shirika la viwango: Bara ya TBS, Zanzibar ya ZBS, Kenya ya KEBS, Uganda ya UNBS. Wasomaji wengi bado hututajia TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Kwa Tanzania Bara kazi ya kusimamia vyakula na vipodozi ilihamia TBS mwaka 2019. Nembo inakwambia bidhaa imepita kiwango cha chini. Haisemi kwamba hii ni bora kuliko ile ya pembeni yenye nembo hiyohiyo, kwa hiyo ikionekana kwenye zote mbili, endelea na masharti yako.

Namba 620 mwanzoni mwa msimbo wa mistari nayo hueleweka vibaya. Inaonyesha kwamba msimbo ulisajiliwa Tanzania, lakini haithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa hapa. Ukitaka kuunga mkono kiwanda cha nyumbani, soma maneno "imetengenezwa" yanafuatiwa na nini.

Dai risiti. Ukikuta bidhaa bandia, ya hatari au iliyobandikwa tarehe mpya juu ya ile ya zamani, peleka taarifa TBS, na kwa bidhaa bandia pia Tume ya Ushindani, FCC. Mwambie na mwenye duka, kwa sababu mara nyingi naye ameuziwa.

Makosa ninayoyaona kila mara

- Kuuliza kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili. Ulikuwa na aina nne, sasa unazo thelathini.
- Kubadilisha sabuni au mafuta kila wiki. Hutajua kipi kilikufaa.
- Kudhani ghali ni bora. Kwa fungu la pili hiyo karibu kila mara ni kupoteza fedha.
- Kwenda dukani na njaa, au jioni ya mwisho wa mwezi duka likiwa limefurika.
- Kununua kisha kuendelea kuulizia bei kwingine. Ukishalipa, yamekwisha mpaka pakiti iishe.

Wiki hii usianze na vyote. Chukua vitano vya fungu la kwanza, viandikie masharti, na Jumamosi nenda navyo dukani. Ila usiubebe ushauri huu ukaenda nao kununua friji, jiko la gesi au godoro. Vitu vya kukaa navyo miaka kumi vinastahili kuzungukiwa, kuulizia vipuri na fundi, na kulala na uamuzi usiku mmoja au miwili kabla ya kutoa fedha.